Kamera ya Penye Mwanga Haba

Vijana kadhaa wa Kampene na wa vijiji vya kando wametuuliza swali moja, kila mmoja kwa maneno yake: wanunue kamera gani ya kidijitali, na taa gani ya flashi, ili picha wanazopiga safarini, jioni na ndani ya nyumba zisitoke nyeusi? Twajua fedha yao inatoka wapi. Huyu ameosha dhahabu mtoni miezi mingi. Yule amebeba mizigo kwa pikipiki kwenda Kalima na kurudi, mvua ikimnyea. Dola 200 au 300 zilizopatikana hivyo si za kuchezea, nazo zikitumika kwa chombo kisichofaa hazirudi. Tena wako wanaotaka kuifanya kazi ya mpiga picha iwe riziki yao, wakitegemewa siku za arusi, za ubatizo na za kilio. Kwa ajili yao hasa twaandika juma hili.

Yafaa kwanza kujua kwa nini picha zetu huwa nyeusi. Maniema ni nchi ya msitu. Njia itokayo Kampene, ikapita Pangi na Kalima hadi mto Lualaba, mara nyingi huwa chini ya miti mirefu, na hata saa nane ya mchana mwanga wa hapo ni mdogo kuliko tudhanivyo. Jicho hulizoea giza upesi, lakini kamera hailizoei. Jua nalo hutua karibu saa kumi na mbili na robo jioni mwaka mzima, kwa tofauti ya robo saa hivi, na baada ya hapo usiku haukawii kuingia. Nyumba zetu za udongo zina madirisha madogo, na kuta zake hunywa mwanga kama mchanga unywavyo maji. Hapo ndipo tunapotaka kumpiga picha nyanya aketiye pembeni ya moto, ambaye labda hana picha nyingine duniani.

Kuna sababu ya pili, nayo haisemwi dukani. Filamu za rangi za zamani zilitengenezwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak iliwapelekea wenye kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, ikaitwa kadi ya Shirley. Uso wake ukitoka vema, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na nyuso nyeusi ziliachwa zitoke zitakavyotoka. Twacheka kwa uchungu tusomapo kwamba waliosikilizwa walipolalamika walikuwa wenye viwanda vya chokoleti na watengenezaji wa samani za mbao, kwa kuwa rangi za kahawia za bidhaa zao hazikupambanuka katika matangazo!

Siku hizi filamu imeondoka katika kamera nyingi, na mahali pake pana kihisi, yaani kibao kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kihisi kizuri huona ngozi nyeusi vema kabisa. Lakini kipimo cha mwanga kilichomo katika kamera bado hakijui kinampima nani. Chenyewe hutaka kila picha iwe na wangavu wa kati, kama kijivu. Ukimpiga picha bibi arusi mwenye nguo nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hutoka kama kivuli. Dawa yake haina gharama. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ongeza daraja moja, upige tena. Kisha utazame uso, wala usitazame nguo. Nguo ikipoteza mikunjo yake kidogo, hakuna atakayelia.

Sasa tuje dukani. Neno la kwanza atakalolisema muuzaji ni megapikseli. Atakuonyesha kamera ndogo yenye rangi ya kupendeza, iliyoandikwa 48 kwa herufi kubwa, na bei yake itakuvuta. Twawasihi vijana wetu wawe macho. Hesabu hiyo ni ya vitone vya picha tu, wala haisemi vitone hivyo vimepokea mwanga kiasi gani. Tena kamera nyingi za namna hiyo zina kihisi cha vitone vichache, kisha mashine hubuni vingine katikati ili namba ifike. Ni kama kuongeza maji katika mchuzi na kuhesabu sahani. Megapikseli 16 za kweli zatosha kuchapisha picha kubwa ya kutundika ukutani, na zaidi.

Yako mambo mawili yenye nguvu kuliko hilo. La kwanza ni tundu la lenzi. Kila lenzi huandikwa ukingoni namba ya tundu lake kubwa kuliko yote, baada ya herufi f. Ajabu yake ni kwamba namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya kawaida iuzwayo pamoja na kamera huandikwa 3.5-5.6, maana yake ukivuta mbali tundu hubaki 5.6. Lenzi ya 1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi kuliko tundu la 5.6. Mara kumi si jambo dogo! Picha iliyohitaji lenzi ibaki wazi muda wa sehemu ya 6 ya sekunde, ambapo mkono hutikisika na mtoto hugeuka, sasa yapigwa kwa sehemu ya 60. Kwa watu wanaotembea au kucheza ngoma, jaribu sehemu ya 125. Kamera nyingine zina mtambo wa kutuliza mtikisiko, na huo ni msaada mwema, lakini hutuliza mkono wako tu, haumtulizi mtoto.

La pili ni ukubwa wa kihisi. Kamera ndogo za bei nafuu zina kihisi cha milimita 6 kwa 4 na nusu hivi. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, ya daraja ya kwanza, kama zile za Canon na Nikon zinazopatikana kwa mitumba, ina kihisi cha milimita 22 au 23 kwa 15, yaani eneo zaidi ya mara kumi. Sahani pana hukinga mvua nyingi kuliko kikombe. Kamera yenye kihisi kipana huweza kupandishwa hadi ISO 1600 au 3200, na picha ikabaki safi. ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga: ukikizidisha mara mbili, wahitaji nusu tu ya mwanga. Kamera ndogo ukiipandisha hivyo, uso hujaa chembechembe kama ugali usiosongwa vema.

Kwa hiyo, mwenye fedha kidogo na haja ya kazi, shauri letu ni hili: atafute kamera kuukuu ya kubadilisha lenzi, hata kama ina miaka kumi, na fedha inayobaki aitie katika lenzi moja ya tundu la 1.8. Canon ilitoa mwaka 2015 lenzi yake ya milimita 50 ya tundu hilo, ikauzwa Marekani karibu dola 125 ikiwa mpya. Ni lenzi nzuri ya nyuso. Lakini ndani ya nyumba hubana: ukisimama mita tatu, waona upana wa mita moja na theluthi tu, yaani watu wawili waliokaribiana. Kwa mwenye Nikon iko ya milimita 35, ya tundu la 1.8, iliyotoka mwaka 2009, nayo hufaa zaidi vyumbani. Anayenunua Nikon ndogo, za jamii ya D3000 na D5000, akumbuke kwamba hazina mota ndani. Ahakikishe lenzi imeandikwa AF-S, la sivyo atalenga kwa mkono kila picha.

Msafiri asiyetaka mzigo aweza kuchukua kamera ya mfukoni yenye kihisi cha kadiri, milimita 13 kwa 9 hivi. Sony RX100 ya mwaka 2012 na Canon G7 X ya mwaka 2014 ni za namna hiyo, zote mbili zina tundu la 1.8 usipovuta mbali. Hazina mahali pa kuchomekea flashi nyingine juu, lakini kijitaa cha hiyo Sony chaweza kuinamishwa nyuma kwa kidole ili kimulike dari. Wenye simu nzuri nao wasijidharau. Simu za siku hizi hupiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, na kwa mlima, nyumba au mzee aliyetulia, kazi yake yapendeza. Watu wakianza kutembea ndipo huharibika.

Kabla ya kuwasha taa yoyote, tumia mlango. Twalisema kwa msisitizo, maana taa bora ya Kampene wakati wa mchana ni mlango uliofunguliwa. Mkalishe mtu wako hatua mbili ndani ya kizingiti, auelekee mwanga, nawe ukae upande, usimzibie. Usimpige picha akiwa ameupa mlango mgongo, kwani utapata mlango mweupe na mtu mweusi asiye na macho. Vivyo hivyo safarini: mwenye kufika Alunguli jioni, akiwa bado hajauvuka Lualaba kuingia mjini Kindu, na apige picha zake mtoni kabla ya jua kuzama na dakika chache baada ya kuzama, lenzi ikiwa wazi kabisa na ISO imepandishwa. Mtoni flashi ni bure. Haimfikii mtu aliye katika mtumbwi wa mbali, na kukiwa na ukungu wa asubuhi, itamulika matone ya ukungu yaliyo mbele ya pua yako. Twawaona pia watu kanisani, usiku wa Pasaka, wakiwasha vijitaa vya simu kutoka viti vya nyuma. Vinamulika visogo vya waliokaa mbele yao, na padri hubaki gizani.

Flashi ina kanuni moja kali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Nguvu yake huandikwa kwa namba. Igawe namba hiyo kwa namba ya tundu, utapata mita ambazo mwanga wafika, kwa ISO 100. Flashi ya namba 36, kwa tundu la 4, hufika mita 9. Kile kijitaa kinachoinuka juu ya kamera mara nyingi ni cha namba 9 au 10, nacho kwa tundu hilo hilo hakizidi mita mbili na nusu. Ukipandisha ISO hadi 400, umbali huo huongezeka mara mbili.

Lakini nguvu peke yake haileti uzuri. Flashi ikielekezwa usoni moja kwa moja, paji la uso lenye jasho hung'aa kama sufuria, macho huwa mekundu, na nyuma ya mtu ukutani husimama kivuli cheusi kama mwizi. Ndiyo maana twasema: usinunue flashi isiyogeuza kichwa. Ile nzuri huelekezwa juu au nyuma, mwanga ukagonga dari au ukuta mweupe, ukarudi umetawanyika na kuwa laini, nayo ngozi nyeusi huonekana kwa utajiri wake wote. Mwanga mwingi hupotea njiani, na hiyo ndiyo sababu ya kutafuta namba kubwa.

Hapa vitabu vya Ulaya havitusaidii sana, kwa maana vyasema juu ya dari nyeupe, na nyumba nyingi za kwetu hazina dari. Majani ya paa hunywa mwanga wote. Mbao huurudisha ukiwa na rangi ya udongo, na watu wakaonekana kama wana homa ya manjano. Mabati mapya, au manjanja kama tuyaitavyo, huurudisha kwa mistari. Basi chukua shuka nyeupe, vijana wawili waishike juu kidogo, upande mmoja wa chumba, uelekeze flashi kwenye shuka. Kama huna wasaidizi, funga kipande cha karatasi nyeupe ngumu nyuma ya kichwa cha flashi, nacho kichwa kiangalie juu. Wala usizime kabisa mwanga wa mahali penyewe. Weka muda wa sehemu ya 30 ya sekunde, ili taa ya mafuta na moto wa jikoni vibaki katika picha, na flashi isaidie tu.

Tusidhani ya kuwa kupiga picha usiku ni ufundi wa wageni. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Akahamia Léopoldville, akawa mtengenezaji wa viatu na wa baiskeli, huku akipiga picha. Mwanamuziki Franco akamtwaa awe mpiga picha wake, na usiku Depara alizunguka mabaa na flashi yake. Mabaa hayo hatuyasifu! Lakini picha zake zimeonyeshwa Ulaya baada ya kufa kwake mwaka 1997, na watu hujifunza kwazo jinsi Kinshasa ilivyovaa na ilivyotembea katika miaka ya uhuru.

Katika kununua flashi, mitego ni mingi. Flashi kuukuu za zamani za filamu nyingine hupitisha volti zaidi ya 200 kwenye kichomo chake, na hizo zaweza kuiua kamera ya kidijitali kwa picha ya kwanza. Usijaribu. Zile za Kichina za Yongnuo na Godox ni nafuu na zina nguvu, lakini sharti zilingane na kamera. Canon EOS 2000D ya mwaka 2018 na EOS 250D ya mwaka 2019 hazina kichomo cha katikati pale juu, kwa hiyo flashi nafuu zinazotegemea kichomo hicho kimoja haziwaki kabisa zikiwekwa juu yake. Njoo dukani na kamera yako, uwashe mbele ya muuzaji. Na flashi ikiharibika, mtoto asiifungue: ndani yake mna umeme wa volti 300 hivi unaobaki hata betri zikitolewa, nao hupiga vibaya.

Flashi nyingi hula betri nne ndogo. Betri nafuu za kutupa hufa baada ya picha chache, kisha flashi hukawia kujaa na bibi arusi amekwisha kupita. Nunua za kuchajiwa, nane, ili nne ziwe mkononi na nne kwenye sola. Kamera kubwa yenye kioo cha kutazamia hutumia umeme kidogo. EOS 2000D hiyo hiyo hupiga picha kama 500 kwa chaji moja. Kamera mpya zisizo na kioo huchoka mapema zaidi.

Adui mwingine ni unyevu. Katika msitu wetu ukungu huota hata ndani ya lenzi, ukatanda kama utando wa buibui. Ununuapo lenzi kuukuu, imulike kwa tochi toka nyuma. Ukiona nyuzi hizo, irudishe. Nyumbani usiihifadhi katika mfuko wa ngozi. Iweke ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vifuko vya chembe za kukaushia, au mchele uliokaangwa ukapoa, ukafungwa katika kitambaa. Kadi ya kuhifadhia picha nayo yahitaji uangalifu, kwa maana ziko za bandia zilizoandikwa 128 ambazo ndani hazifiki 16. Za kwanza huhifadhiwa, zinazofuata hupotea bila kelele. Ijaze kadi yote nyumbani, uzifungue picha zote, ndipo uende nayo arusini.

Neno moja kwa wasafiri. Kwenye kizuizi cha askari, uwanja wa ndege, daraja na machimbo, kamera ikae mfukoni mpaka upewe ruhusa. Flashi inayowaka ghafula usiku mbele ya mtu mwenye bunduki ni hatari, wala hatuhitaji kueleza zaidi. Wagonjwa waulizwe, na wenye kilio waulizwe. Wazee wa bwami wana mambo wayaonyeshayo na mambo wasiyoyaonyesha, nao ndio wenye kuamua.

Kijana mmoja ameuliza kama fedha yake haitoshi vyote viwili, anunue kipi kwanza, lenzi au flashi. Anunue lenzi. Kwa lenzi ya 1.8, mlango wazi na taa ya kawaida ya nyumbani, atapiga arusi nyingi na kulipwa, na shuka nyeupe itafanya kazi hata bila flashi, ikirudisha mwanga wa mlango upande wa uso ulio na kivuli. Dola zikipatikana, atafute flashi ya kugeuza kichwa, nayo akaijaribu kwanza jioni kwa jamaa zake mwenyewe, kabla ya kuchukua malipo ya mtu.